Mtoto akilia, tunamjibu nini?

Katika nyumba za kupanga za Makorora, hapa Tanga, ambako familia nne au tano hugawana ukumbi mmoja, ua mmoja na bomba moja la maji, mtoto hawezi kulia kwa siri. Akijikwaa kizingitini, nyumba nzima imejua. Akinyang'anywa andazi na kaka yake, habari imefika hadi kwa jirani wa pili. Na majibu hutoka kila chumba: "Nyamaza!" "Hebu tuondolee kelele!" "Mtoto wa kiume ndiyo unalia hivyo?" "Endelea kulia, nimwite daktari aje akuchome sindano."

Wengi wanaosema hivyo wanampenda mtoto huyo. Wamembeba, wamemwogesha, wamemwachia kipande cha mwisho cha samaki. Ila kilio chake wanakiona kama taka iliyomwagika sebuleni, ya kufagiwa upesi kabla mgeni hajaingia.

Nimeishi karibu na watoto kiasi cha kuamini kwamba dakika zile chache, tangu mtoto anapoangua kilio mpaka anaponyamaza, ndizo darasa lake kubwa kuliko lolote atakaloingia baadaye. Hapo ndipo anapojifunza kama uchungu wake una mtu wa kuupokea. Hapo anajifunza huruma, kwa kuwa amehurumiwa. Anajifunza pia kusema kilichomkuta, au kuficha. Tunatumia fedha kutafuta shule ya awali nzuri, yenye sare na basi la njano, na huku uani kwetu somo lenyewe linapita kila siku bila kuangaliwa.

Mtoto mchanga hazaliwi na uwezo wa kujituliza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kupima jambo kabla ya kulitenda, huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka ishirini. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini kwa hasira hafanyi maigizo. Moyo unamwenda mbio, mwili umejaa homoni za msongo, na hana breki. Breki yake ni mtu mzima aliye karibu: kifua anachokijua, sauti isiyopanda, mkono mgongoni. Akitulizwa hivyo mara nyingi, mwaka hadi mwaka, taratibu anaanza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Mtoto aliyenyamazishwa kwa kutishwa naye hunyamaza, tena haraka, na ndiyo maana vitisho vinapendwa. Lakini kutulia hajatulia. Ameongezewa hofu juu ya ule uchungu wa kwanza, kisha ameambiwa asiutoe.

Kumwitikia mtoto si jambo lililoletwa kutoka Ulaya. Sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo vyuoni duniani kote kuhusu mtoto na mlezi wake ilianza kuonekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Hakuwa na maabara. Alichukua mkalimani, akaenda vijijini kandokando ya mji, akawa anakaribishwa alasiri kwa akina mama wa Kiganda kama mgeni yeyote, akizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Alirudi katika nyumba zile zile kila baada ya wiki mbili hivi, miezi kwa miezi, akitazama nani anambeba mtoto, mtoto anamfuata nani kwa macho, analia lini na anajibiwaje. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Alichokiona ni rahisi kukieleza. Watoto waliokuwa na uhakika na mama zao ndio waliothubutu kutambaa mbali, wakagusa vitu, wakamsogelea mgeni, kisha wakageuka kuhakikisha mama bado yupo, wakaendelea. Wale wasio na uhakika huo walilia sana na hawakubanduka. Na mama wa kundi la kwanza walikuwa na sifa moja iliyomvutia Ainsworth: ukiwauliza habari za mtoto, walikuwa na mengi ya kusema, hata yale madogo madogo. Walimjua. Kilio cha njaa hawakukichanganya na kilio cha usingizi.

"Lakini si utamdekeza?" Swali hili nimelisikia kwa bibi wa kila kabila lililopo Makorora, Wadigo kwa Wabondei, Wasambaa kwa Wasegeju, na ni swali la haki. Mwaka 1972 Silvia Bell na Ainsworth walichapisha matokeo ya utafiti mwingine, huu wa Baltimore, Marekani: watoto waliokuwa wakiitikiwa upesi walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo walipokaribia kutimiza mwaka. Wataalamu wengine walikuja kubishana nao kuhusu namna walivyopima, na mabishano hayo yana maana yake. Kuna kunung'unika kudogo ambako mtoto akiachwa kidogo anakumaliza mwenyewe. Lakini sijaona ushahidi wa kumtetea mzazi anayemwacha mtoto mchanga alie mpaka achoke kwa kuogopa kumharibu. Kudeka kunatokana na kupewa kila anachokitaka. Kuitikiwa ni kitu kingine. Mtoto anayelilia kisu ataitikiwa, atabebwa, atabembelezwa, na kisu hatapewa.

Tuje kwenye sindano. Zamani watoto wa pwani walitishiwa mumiani, yule mnyonya damu wa masimulizi. Siku hizi mumiani amevaa koti jeupe. Tazama ratiba ya chanjo ya nchi yetu: mtoto anachanjwa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18, na katikati ya hapo anapelekwa kupimwa uzito. Akifika miaka mitatu, muuguzi wa Kituo cha Afya cha Makorora ni miongoni mwa watu wazima waliomshika mara nyingi zaidi nje ya nyumba yao. Mtu huyo ndiye tunayemgeuza zimwi ili tupate robo saa ya utulivu. Kisha siku mtoto anaumwa kweli, homa imepanda, anatakiwa atulie apimwe malaria, tunashangaa anavyopiga mateke na kung'ang'ania mlango.

Kumwambia ukweli hakuchukui muda mrefu zaidi. "Leo tunakwenda kliniki. Utachomwa sindano, itauma kidogo, nitakushika. Ikiisha tunapita sokoni tununue kashata." Atalia. Aachwe alie. Ila amejua mambo mawili: kwamba uliyomwambia yametokea, na kwamba ulikuwapo.

Watoto wa kiume wanastahili aya yao wenyewe, kwa sababu wao hukatazwa kulia mapema zaidi. Mvulana wa miaka minne anayetoka mpirani na goti limechubuka anaambiwa mwanaume halii, na anayemwambia mara nyingi ni baba au mjomba anayemtakia mema. Matokeo yake tunayajua sote. Kati ya hisia zote, anabakiwa na moja iliyoruhusiwa, nayo ni hasira. Huzuni yake inatoka kama ngumi, aibu yake inatoka kama matusi. Mkoa huu una mfano bora zaidi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, hakuona haya kuandika katika kitabu chake cha maisha jinsi kifo cha mkewe Amina kilivyomwumiza. Mtu huyo huyo, mfanyakazi wa serikali aliyebanwa na kazi, alikaa kitako akawatungia wanawe tenzi za malezi, Hati kwa binti na Adili kwa mtoto wa kiume. Hakuna anayemhesabu Shaaban Robert kuwa mwanaume pungufu.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi katika malezi yetu ya mwambao, na ambalo sioni likiandikwa vya kutosha. Ni safari za uongo.

Mama anafariki, au baba. Nyumba imejaa mikeka na watu, wanawake wamekaa, wanaume wako nje chini ya turubai. Mtoto wa miaka minne anapitishwa mkono kwa mkono, anapewa soda, anapelekwa kwa jirani. Akiuliza anaambiwa amesafiri. Anasubiri. Watoto wa umri huo bado hawaelewi kwamba kifo hakina marejeo, na sisi tunalitumia hilo kuwafariji, tukisahau kwamba safari ina kurudi. Kwa hiyo atakaa kibarazani. Atauliza kila gari likisimama. Akikaa miezi bila jibu ataanza kufikiri kwamba aliyesafiri amekataa kurudi kwa sababu yake, kwa kuwa watoto wadogo hujiona wao ndio chanzo cha mambo. Wengine huambiwa amelala, na hao usingizi wenyewe huwatia hofu. Ikiwa aliyefariki ni baba, mtoto anamwona mama yake ndani ya eda kwa miezi minne na siku kumi, hatoki, mavazi yamebadilika, sauti imebadilika, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Talaka nayo ina safari zake. Mtoto anaamshwa alfajiri, anavalishwa nguo nzuri, anapandishwa gari la Muheza au Lushoto "kwenda kumwamkia bibi." Anafurahi. Jioni aliyempeleka ameondoka na begi limebaki. Bibi atamlea vizuri. Bibi wengi wa mkoa huu wamelea vizazi viwili, na bila wao sijui tungekuwa wapi. Lakini mtoto huyo amefundishwa kwamba mtu anaweza kukutoroka ukiwa umeangalia pembeni. Msimlaumu akianza kung'ang'ania kanga ya kila anayemwangalia, au kukojoa kitandani wakati alishaacha.

Maneno yanayohitajika ni machache na mtoto wa miaka minne anayaweza. "Baba amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Sisi tumehuzunika, na wewe unaweza kuhuzunika. Mimi nipo, na leo utalala na mimi." Kwa familia zenye dini, na hapa ndizo karibu zote, ya Mungu yataongezwa, na yanasaidia. Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Ajibiwe vile vile, kwa maneno yale yale. Kwa talaka pia: "Utakaa kwa bibi. Mimi nitabaki Tanga. Nitakuja siku fulani." Na siku hiyo uje.

Ningekuwa nimewakosea wazee wetu kama ningeandika kana kwamba malezi ya hapa ni vitisho na uongo mtupu. Nenda kwenye vichochoro vya Makorora saa kumi na moja jioni. Kuna mchezo wa nyama nyama, ambao kiongozi anataja wanyama na wenzake wanaitikia kwa kuruka, ila akitaja asiyeliwa lazima wote wakae kimya. Anayeropoka ametoka. Sijui zoezi bora zaidi la kumfundisha mtoto wa miaka mitano kuuzuia ulimi na mwili kwa sekunde moja afikiri. Kwenye rede, aliye katikati anakwepa mpira wa soksi huku akijaza chupa mchanga, na lazima ajue lini athubutu na lini akimbie. Kwenye kombolela, mmoja aliyejificha vizuri anaacha usalama wake ili akawakomboe waliokamatwa. Wadogo kabisa wako kando na vifuu vya nazi, wanapika mchanga, mmoja ni baba anayetoka kazini na mwingine ni mtoto anayelia. Sikiliza anavyojibiwa yule mtoto wa mchezo. Hapo utayasikia ya nyumbani kwao, neno kwa neno.

Hata ule utii tunaowafundisha una thamani. Bettina Lamm na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka minne waliowekewa kitu kitamu na kuahidiwa cha pili wakisubiri. Kati ya watoto wa Wanso wa Kameruni, takriban saba katika kila kumi walisubiri; kwa watoto wa Ujerumani hawakufika watatu katika kumi. Wengine wa Kinso walisubiri mpaka usingizi ukawachukua. Mtoto wa Makorora anayekaa mkekani na wageni, asiguse sinia mpaka aambiwe karibu, ana kipaji hicho hicho, na hakukipata kwa bahati. Kujizuia mbele ya andazi ni kuzuri. Kujizuia kusema kwamba mtu mzima fulani amenigusa vibaya ni hatari. Mtoto mdogo hawezi kutofautisha kimya hiki na kile asipofundishwa kwamba nyumbani kuna angalau mtu mmoja anayeambiwa yote.

Hatari hiyo imepimwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili katika utoto wao. Takriban robo walitaja ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima: kutukanwa, kuambiwa hawatakiwi, kutishiwa kutupwa.

Wengi wetu tulichapwa na tumekua, na ndiyo hoja inayotolewa kila fimbo inapotajwa. Siwezi kuwasemea wote waliokua. Naweza kusema kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, haikubali adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa ajili gani. Mtoto wa miaka miwili aliyemwaga uji yumo humo moja kwa moja. Mtoto wa miaka mitatu aliyempiga mdogo wake, akichapwa, anachokielewa ni kwamba mkubwa humpiga mdogo. Afadhali kuchuchumaa, macho yakutane na yake, na kumwambia: "Umekasirika, amekuchukulia gari lako la kopo. Kupiga, hapana. Mwambie nirudishie." Halafu msimame hapo mpaka lirudishwe. Inachukua muda kuliko kofi, na lazima irudiwe mara nyingi hadi inachosha.

Simu sitaipa nafasi kubwa. Kumpa mtoto katuni ili anyamaze ni njia nyingine ya kufagia kilio, ya upole zaidi lakini ni ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne halitaki izidi saa moja kwa siku.

Kuchosha, nimesema, na nani asiyechoka? Mama anayeamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua, akavipanga mezani barabarani kabla jua halijachomoza, akarudi kufua, akapika, jioni akakaanga mihogo, akiongezewa kilio cha saa tatu usiku anapiga kofi kwa sababu amekwisha. Kumpa mama huyo orodha ya namna ya kuongea na mtoto ni kumwonea. Mila yetu inalielewa jambo hili vizuri, ila inaliacha mapema: siku arobaini baada ya kujifungua mama hukandwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga, mtoto hupokelewa na wengine ili alale. Siku ya 41 msaada wote unayeyuka. Nyumba yenye familia tano ina watu wazima wa kutosha kumpokea mtoto kwa nusu saa jioni, kama wangeacha kushirikiana kumkaripia. Na ina wanaume. Baba wa bodaboda anayerudi amechoka bado anaweza kumwogesha mtoto, kwa beseni lile lile na kopo lile lile, wakazungumza habari za siku. Hakuna kifaa kinachohitajika.

Serikali nayo ina maandishi yake. Desemba 2021 ilizinduliwa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Inawahusu watoto tangu mimba hadi miaka minane, na imefuata mfumo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, wenye nguzo tano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiizungumzia muda wote huu, na ndiyo isiyo na mizani wala sindano wala kadi. Muuguzi anaweza kuandika kilo za mtoto. Hana safu ya kuandika kwamba mtoto huyu akilia anajibiwa.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki za watoto hapa mjini ni dogo. Siku ya kupima uzito, akina mama hukaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu, watoto mapajani. Muda huo upo tayari, hauhitaji bajeti ya ukumbi. Atengwe muuguzi mmoja au mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae nao pale pale, asihutubie, aulize: wa kwako akilia unajuaje anataka nini? Wataanza kuelezana wenyewe. Aulize pia nani anawasaidia jioni. Na kadi ya kliniki inaporudishwa, mama aambiwe kwamba mwezi ujao baba anatakiwa, na akija apewe kiti, mtoto awekwe mapajani mwake, naye aulizwe maswali yale yale.